Kabla hujachomeka chuma kwenye bomba, piga hesabu ya mtetemo

(Haya ni maneno niliyoongea mbele ya mafundi na wanafunzi wa ufundi hapa Mbeya. Wengi mmeomba niyaandike, basi nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mafundi wenzangu wa Iyunga, Songwe na Tukuyu, na nyie mliopanda basi alfajiri kutoka Mafinga na Makambako na baridi hii, poleni na safari, asanteni sana kwa kuja.

Leo nina jambo moja. Chuma unachokichomeka ndani ya bomba linalopitisha kitu kwa kasi, iwe stimu (mvuke wa maji), maji, hewa ya moto au mafuta, kinaweza kukatika bila presha kuzidi, bila kutu, bila mtu kukigonga, kinakatika kwasababu mkondo wenyewe umekitetemesha mpaka kikachoka. Na hilo linazuilika kwa hesabu ambayo kijana aliyesoma fizikia ya kidato cha nne anaiweza, tena kwa simu yake ya mkononi. Inaniuma kuona chuma kinabadilishwa, kinakatika, kinabadilishwa tena kingine kilekile na hakuna aliyeshika kalamu.

Hiki hapa mezani ni kipande cha themoweli. Kwa wadogo zangu ambao hamjakutana nayo, themoweli ni ule mrija wa chuma uliozibwa nchani, unaingia ndani ya bomba, alafu kipimajoto kinakaa ndani yake ili kisiguswe na stimu moja kwa moja na ili uweze kukitoa bila kuzima mtambo. Hii ilitoka kwenye bomba la stimu la kiwanda kimoja cha nyanda hizi, sitakitaja. Mnaokaa mbele sogeeni muangalie pale ilipokatika. Upande huu ni laini, una mistari ya nusu duara imefuatana mmoja baada ya mwingine, umbali mdogo mdogo, inaanzia ukingoni inaelekea kati. Upande ule mwingine ni sehemu ndogo tu, imekwaruzika, ina chenga chenga. Ile sehemu laini ndio ufa ulikuwa unatembea taratibu wakati mtambo unafanya kazi na watu wanakunywa chai. Hii ndogo iliyokwaruzika ndio chuma kilichobaki kikashindwa kwa mara moja. Ukiona mkatiko wa namna hii usiseme chuma kilikuwa feki, usimlaumu fundi aliyefunga kwamba alikaza kupita kiasi, hicho ni chuma kilichokunjwa kidogo kidogo mara mamilioni. Na angalia umekatika wapi: kwenye mzizi, pale mrija unapokutana na nyuzi, yani ile sehemu ya kukazia kama skrubu, sio nchani wala katikati. Mzizi ndio unaobeba mzigo wote wa kuyumba.

Sasa kwanini mkondo ulionyooka, kasi ileile, presha ileile, utetemeshe kitu? Hapa naomba tulieni kidogo maana ndio kiini.

Ukienda pale Kiwira au Ruaha Mdogo kule Iringa, ukachomeka mwanzi mwembamba kwenye maji yanayokimbia ukaushika kwa juu, utausikia mkononi unatikisika. Maji yanakuja sawasawa lakini mwanzi unacheza, na unacheza kwenda kulia na kushoto kuliko unavyosukumwa na maji kwenda mbele. Ukiangalia nyuma ya mwanzi utaona vimbunga vidogo vya maji, kimoja kinatoka upande wa kulia, kinachofuata kinatoka kushoto, tena kulia, tena kushoto, kwa mpangilio usiokosea. Kila kimbunga kinapoachia kinauvuta mwanzi kidogo kwenda upande wake. Mwanasayansi Theodore von Kármán aliandika hesabu za ule mstari wa vimbunga mwaka 1911 na 1912, lakini kabla yake, mwaka 1878, Vincenc Strouhal wa nchi ya Wacheki alikuwa anachunguza waya unavyolia kwenye upepo akagundua kitu rahisi ajabu: idadi ya vimbunga kwa sekunde inaendana na kasi, na inapungua kipenyo kikiwa kikubwa. Kwa kitu cha mviringo, katika kasi nyingi tunazokutana nazo viwandani, ni hivi: zidisha kasi kwa 0.2, gawanya kwa kipenyo. Basi. Kasi iwe mita kwa sekunde, kipenyo kiwe mita.

Hapo umepata mapigo ya mkondo. Upande wa pili, kila chuma kina mtetemo wake wa asili. Bana rula ukingoni mwa meza, ipige, itatetemeka kwa spidi yake yenyewe hata ukiipiga kwa nguvu au polepole. Ivute ndani ibaki fupi, sauti inapanda. Sasa mapigo ya mkondo yakiwa mbali na mtetemo wa asili wa chuma, chuma kinatikisika kidogo tu na hakuna madhara. Yakilingana ndio balaa. Mtoto kwenye bembea, ukimsukuma kila anaporudi kwako, hata kwa kidole, anapaa, ukimsukuma ovyo ovyo haendi popote hata ukitumia nguvu. Mkondo ukipata spidi ya chuma unasukuma kila mara kwa wakati wake, na tena kuna ubaya wa ziada: chuma kikishaanza kucheza, vimbunga vyenyewe vinajirekebisha vinakifuata, kwahiyo hata kasi ikibadilika kidogo bado vinabaki vimeshikana nacho. Usitegemee kwamba utapita kwa bahati.

Tupige hesabu pamoja, andikeni. Themoweli ya chuma, kipenyo cha nje milimita 20, tundu la ndani milimita 6.6, imeingia ndani ya bomba milimita 300, haina msaada mwingine. Mtetemo wake wa asili, kwa chuma cha kawaida au steinlesi, unakuja kama 160 kwa sekunde. Stimu inakimbia mita 16 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida kabisa, stimu kwenye bomba kuu mara nyingi inawekwa 25 na kuendelea. Kumi na sita mara 0.2 ni 3.2, gawanya kwa 0.02, unapata 160. Mmeona? Imelingana pale pale. Mitetemo 160 kwa sekunde maana yake kwenye shifti moja ya saa nane chuma kimekunjwa zaidi ya mara milioni 4 na nusu. Chuma gani kitavumilia hapo kama mzigo wa mzizini umeshapita uwezo wake?

Sasa ile ile themoweli, kipenyo kile kile, chuma kile kile, ikate iingie milimita 150 badala ya 300. Mtetemo wa asili hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne, unafika kama 650. Stimu ikimbie hata mita 20, mapigo yake ni 200 tu. Uko mbali kabisa. Huo ndio utamu wa hesabu hii, urefu unazidishwa kwa urefu wenyewe, ukipunguza nusu unapata mara nne. Kwahiyo dawa ya kwanza ya chuma kinachotetemeka kwenye mkondo ni kukifupisha. Watu wanapenda probu (chuma cha kupimia kinachochomekwa) ndefu kwasababu wameambiwa ncha lazima ifike katikati ya bomba ndipo joto lisome sawa. Inatosha ncha ifike ndani ya theluthi ya kati ya bomba. Kwenye bomba kubwa hakuna sababu ya kufukuzia mstari wa katikati kwa milimita za ziada zitakazokukatia chuma.

Dawa ya pili ni unene, hasa mzizini. Themoweli iliyosongoka, nene mzizini na nyembamba nchani, ina mtetemo wa asili wa juu kuliko iliyonyooka urefu wote. Ile yenye hatua, yani imekerezwa nene alafu ghafla ikawa nyembamba, inasaidia kusoma joto haraka lakini pale kwenye hatua kona ikiwa kali ufa unaanzia hapo hapo. Mafundi wa leathi nawaomba, kona ya ndani muache mviringo na muisafishe vizuri, alama ya kisu ya kukerezea mliyoiacha pale inaweza kuwa ndio mwanzo wa ufa. Na kufunga kwa flenji, ile sahani ya chuma inayokazwa kwa bolti, au kuchomelea kunashika mzizi vizuri kuliko nyuzi, maana kwenye nyuzi kila bonde ni kona kali.

Kuna tukio ambalo kila anayefanya kazi hii anatakiwa alijue. Mtambo wa nyuklia wa Monju kule Japani, tarehe 8 Disemba 1995. Mtambo ule unapozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, na sodiamu ikikutana na hewa inaungua. Ulikuwa unafanya kazi kwa kama asilimia 40 tu ya nguvu zake, yani haujakazwa hata nusu. Themoweli moja kwenye bomba la sodiamu la mzunguko wa pili ikakatika kwenye hatua, pale inapotoka nene kwenda nyembamba, ikavujisha sodiamu kama kilo 640, moto ukawaka. Mionzi haikutoka kwasababu sodiamu ya mzunguko ule haipiti kwenye kiini cha nyuklia, lakini mtambo ulikaa umezimwa mpaka Mei 2010, na Disemba 2016 serikali yao ikaamua kuufunga moja kwa moja. Chanzo ni kile mnachokiona hapa mezani, kipande cha chuma cha kupimia joto.

Kilichofundisha ulimwengu pale ni hiki. Watu walikuwa wanahesabu mtetemo wa kulia na kushoto tu. Lakini kila kimbunga kikiachia, kiwe cha kulia au cha kushoto, kinavuta chuma pia kwenda mbele kwa mkondo, kwahiyo mvutano wa mbele na nyuma unakuja mara mbili ya ule wa pembeni. Maana yake chuma kinaweza kulingana na mkondo kikiwa kwenye nusu tu ya ile kasi uliyoiogopa. Kwenye mfano wetu, ile ya milimita 300 hatari yake ya pembeni ni mita 16 kwa sekunde, lakini hatari ya mbele na nyuma iko mita 8. Mtu akikuambia "sisi tunaendesha taratibu, hatufiki huko", muulize hiyo nusu ameihesabu?

Kiwango cha ASME, chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani, kinachohusu themoweli, cha mwaka 1974, hakikuwa na hilo la mbele na nyuma. Kikaandikwa upya kikatoka mwaka 2010 kwa jina PTC 19.3 TW, kikarekebishwa tena 2016. Wao wanatumia 0.22 badala ya 0.2. Sheria yake ukiishika kichwani inatosha kwa kazi nyingi: mapigo ya mkondo yasizidi asilimia 80 ya mtetemo wa asili, na ukitaka kulala usingizi kabisa yasizidi asilimia 40. Kati ya 40 na 80 kuna njia lakini lazima mzigo wa mzizini uhesabiwe vizuri na mtambo usikae unaendeshwa kwenye ile kasi ya nusu, upite haraka tu wakati wa kuwasha. Kumbukeni pia chuma kikiwa cha moto kinalegea kidogo, ndani ya maji kinabeba uzito wa maji yanayotikisika nacho, na ukuta mwembamba wa bomba unaolegea mzizini, vyote hivyo vinashusha mtetemo wa asili. Kwahiyo ile 160 yangu ni ya juu, ukweli uko chini kidogo.

Sasa nije kwenye vitu vinavyofanyika mitaani kwetu ambavyo mimi sivikubali. Kwanza ile pete ya kukaza, mtu anachomelea pete kwenye themoweli ili ijibane ndani ya shingo ya bomba isitikisike. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ili ishike kweli lazima isiwe na nafasi hata ya unywele, na bomba likipata joto likapanuka nafasi inatokea, basi pete inaanza kugonga gonga na kusaga, na umejidanganya kwamba una sapoti. Kiwango chenyewe hakipendekezi. Pili zile themoweli zenye mikanda ya kuzunguka kwa nje. Wazo lake ni zuri na lina historia, Kit Scruton wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza ndiye aliyeleta mikanda ya namna ile kwenye mabomba marefu ya moshi ili vimbunga visiachie kwa pamoja urefu mzima. Kwenye bomba la moshi inafanya kazi vizuri. Ila kwa themoweli ile hesabu ya kiwango haigusi sura hizo, kwahiyo ukinunua dai kwa muuzaji vipimo vya majaribio, sio maneno. Na kama unaweza kufupisha, fupisha kwanza.

Tatu, na hili ndio naliona kila kiwanda ninachoingia: vijibomba vidogo vinavyotoka kwenye bomba kubwa karibu na pampu, nusu inchi, alafu juu yake mtu amening'iniza valvu nzito na geji. Hapo chuma hakipo ndani ya mkondo lakini bomba kubwa likitikiswa na mkondo, kile kijibomba chenye kichwa kizito ndio kinachocheza kuliko wote, na kinakatika kwenye weldi. Kifupishe, kipunguzie uzito, kifunge sapoti kwa pande mbili, sio upande mmoja. Na sapoti ifungwe kwenye bomba mama lenyewe, usiifunge kwenye nguzo au sakafu, maana bomba mama linatembea kwa joto na kwa mtetemo, nguzo haitembei, utakuwa umemshika mtoto huku mama anavutwa.

Nyie wa umeme wa maji naona mmekaa pale nyuma mmetulia kama haiwahusu. Inawahusu sana. Zile nondo bapa mlangoni mwa maji za kuzuia magogo na majani zimekaa ndani ya mkondo, zina mtetemo wa asili kama themoweli, na hesabu ni ileile ila mnatumia unene wa nondo na umbali kati ya sapoti na sapoti. Majani yakiziba nusu ya mlango, maji yaleyale yanapita kwenye nusu iliyobaki, kasi inakuwa karibu mara mbili, na nondo iliyokuwa salama asubuhi inakuwa sio salama jioni. Kusafisha majani pale sio usafi tu. Na mkisafiri Iringa kwenda Dodoma, tazameni laini kubwa ya umeme inayokwenda Shinyanga, karibu na nguzo mtaona chini ya waya vimening'inia vyuma vifupi vyenye uzito huku na huku. Hivyo alivibuni George Stockbridge miaka ya 1920 kule California, kazi yake ni kula mtetemo wa upepo kwenye waya kabla haujafika kwenye kibanio na kuukata. Tatizo moja, hewa badala ya stimu.

Nirudi kwenye hiki kipande cha mezani, maana mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni, "mwanangu, si ilikaa miaka mingi bila shida, iweje ikatike ghafla?" Mzee, swali lako ndio lenyewe. Ilikaa kwasababu stimu ilikuwa inakimbia taratibu. Wakaongeza mashine ya kukaushia, boila likabaki lilelile, bomba lilelile, ila stimu inayopita ikaongezeka kwahiyo kasi ikapanda. Mashine ilikaguliwa, boila likakaguliwa, valvu ya usalama ikakaguliwa. Themoweli hakuna aliyeikumbuka kwasababu haikuguswa. Na ilipokatika, kipande kikasafiri na stimu mpaka kwenye valvu mbele kikakwama pale, mshukuru Mungu hakikumpata mtu, na mzizi uliobaki ulikuwa bado umeziba tundu. Ungetoka nao wote, pale palikuwa na mtu amesimama na daftari anasoma geji.

Kwahiyo mkiongeza pampu, mkiongeza mashine, mkibadilisha bomba kuwa jembamba, mkibadilisha kinachopita ndani, ombeni orodha ya kila kilichochomekwa kwenye ule mstari mrudie hesabu, moja moja. Kama orodha haipo itengenezeni: urefu ulioingia, kipenyo mzizini na nchani, kasi ya juu kabisa. Jioni moja inatosha kwa kiwanda cha chai.

Kuna dada wa mamlaka ya maji aliuliza mwishoni kama na wao wahangaike, maana maji yao yanakwenda mita moja au mbili kwa sekunde. Nikamjibu dada yangu, kwa mita 2 na kipenyo cha milimita 20 mapigo ni 20 kwa sekunde, kwa probu ya milimita 300 uko mbali na hatari, hiyo usiikoseshe usingizi. Ila kama una probu ile nyembamba ya klorini au ya kupimia mtiririko, milimita 10, imeingia mita nzima kwenye bomba kubwa, mtetemo wake wa asili unashuka mpaka kama 7, na mapigo ya mkondo yamepanda mpaka 40, maana ni nyembamba. Umevuka hatari zote mbili kabla hata hujafika kasi ya kawaida. Hiyo ichomoe wiki hii, uiangalie mzizini kwa rangi ya kuonyesha nyufa, alafu uweke fupi, au nene, au iliyoshikwa pande zote mbili za bomba.